Kuczynski, Mtu Aliyezikagua Hesabu za Wakoloni

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, mji wa Tunduma una wakazi zaidi ya laki mbili, na mkoa mzima wa Songwe una watu zaidi ya milioni 1.3. Tarakimu hizi zimekwisha kuwa maneno ya kawaida vinywani mwetu. Diwani huzitaja anapodai madarasa, mganga huzitaja anapoomba dawa, na Chama huzitazama kinapopanga mashina yake. Ni wachache waulizao zimepatikanaje. Lakini babu zetu wa Unyamwanga, Unyiha na Undali walihesabiwa kwa namna nyingine kabisa, na hesabu zile zilisafirishwa hadi Ulaya, zikapigwa chapa katika taarifa nzuri za serikali, zikasomwa na wakubwa wa dunia, zikaaminiwa. Leo tumependa kuwaletea wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyekataa kuziamini mpaka aonyeshwe jinsi zilivyopatikana. Jina lake ni Robert René Kuczynski, jina lenye asili ya Kipolandi, ambalo hutamkwa Kuchinski.

Alizaliwa Berlin mwaka 1876, mtoto wa mwenye benki, katika nyumba ya Kiyahudi yenye mali. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kitako maisha yake yote akila faida. Yeye alichagua elimu ya takwimu, ambayo siku zile watu wengi waliiona kuwa kazi ya makarani. Alisoma katika vyuo vikuu vya Freiburg, Strasbourg na Munich, na mwaka 1897 akapata shahada yake ya udaktari kwa Profesa Lujo Brentano, mwanachuoni aliyevitetea vyama vya wafanyakazi. Kitabu chake cha kwanza kilihusu watu wanaoyaacha mashamba na kukimbilia mijini. Mada hiyo ingali hai mpaka leo, na mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa.

Mwalimu mwingine aliyemwathiri sana alikuwa Richard Böckh, mkuu wa ofisi ya takwimu ya mji wa Berlin. Kwa Böckh alijifunza swali moja ambalo hakuliacha tena. Watu wengi hudhani ya kuwa taifa linakua iwapo mwaka huu wamezaliwa wengi kuliko waliokufa. Böckh alisema hilo halitoshi, kwa kuwa huenda leo vijana ni wengi na wazee ni wachache, na kesho mambo yakageuka. Yafaa kuuliza hivi: wanawake mia moja wa kizazi hiki watazaa mabinti wangapi, na katika mabinti hao wangapi watafika umri wa kuwa mama? Wakifika mia, taifa linasimama mahali pake. Wakipungua mia, taifa linapungua hata kama kwa sasa vichanga vinaonekana tele. Hesabu hiyo yaweza kufahamika kwa mkulima yeyote aliyefuga ng'ombe, maana naye hahesabu zizi lake kwa ndama waliozaliwa, bali kwa mitamba iliyokua ikazaa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Kuczynski alikwenda Washington akafanya kazi katika ofisi ya sensa ya Marekani, akaandika juu ya uzazi wa wenyeji na wahamiaji katika jimbo la Massachusetts. Kisha akarudi kwao kuongoza ofisi ya takwimu ya Elberfeld, mji wa wafumaji wa nguo, na baadaye ile ya Schöneberg, pembeni mwa Berlin. Huko alikaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Miaka hiyo ya Schöneberg na ile iliyofuata ndiyo ipasayo kusomwa na wafanyakazi wetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa na njaa, na fedha yake ilianza kuporomoka. Waajiri walisema mishahara imepanda, na ni kweli, tarakimu zilipanda. Kuczynski hakubishana nao kwa maneno makali. Alichukua bei za viazi, mkate, maziwa, makaa ya mawe, pango la chumba na nguo, akapiga hesabu ya kima cha chini kabisa ambacho mtu wa Berlin angeweza kuishi nacho kwa juma: mtu aliye peke yake, kisha mume na mke, kisha mume na mke wenye watoto wawili. Akaitangaza hesabu hiyo mara kwa mara katika jarida lake, na mwaka 1921 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Mtu aliyekwenda kudai nyongeza ya mshahara sasa aliweza kuweka mezani karatasi inayoonyesha ya kwamba mshahara uliopanda kwa tarakimu ulikuwa umeshuka kwa mkate. Hata hapa petu, kila mara vyama vya wafanyakazi vinapojadili kima cha chini, swali ni lile lile la Schöneberg, yaani kapu la mama wa nyumbani lina nini ndani yake na linanunuliwa kwa kiasi gani.

Mwaka 1926 mtakwimu huyu akajikuta kichwani mwa vita ya siasa. Wafalme na watawala wadogo wadogo wa Ujerumani walikuwa wamepinduliwa mwaka 1918, lakini walikuwa wakidai mahakamani mashamba, majumba na fedha zao, huku wajane wa vita na watu walioharibiwa akiba zao na mporomoko wa fedha wa mwaka 1923 wakiambulia patupu. Ikaundwa kamati ya kutaka mali hizo zitwaliwe bila fidia, na Kuczynski akawa mwenyekiti wake. Yeye hakuwa mwanachama wa chama cha siasa, na kwa sababu hiyo Wakomunisti na Wasoshalisti, waliokuwa hawapikiki chungu kimoja, walikubali kukaa chini ya kivuli chake. Mwezi wa Machi watu milioni 12.5 walitia sahihi, ilhali sheria ilitaka kama milioni 4 tu. Tarehe 20 Juni 1926 watu wapatao milioni 14.5 wakapiga kura ya ndiyo, na waliosema hapana hawakufika laki sita. Hata hivyo hoja ilianguka, kwa sababu ilihesabiwa kuwa inahitaji nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, yaani kama milioni 20, na wapinzani walikuwa wamewaambia watu wao wabaki nyumbani. Twaona kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha hapo, ya kwamba mwalimu wa hesabu alishindwa na watu ambao hawakutokea kuhesabiwa.

Baada ya hapo alifanya kazi nyingi na taasisi ya Brookings ya Washington. Kazi yake kubwa ya wakati huo, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 1928 na 1931, ilipima uwiano wa kuzaliwa na kufa katika Ulaya. Alionyesha kwamba katika nchi za Ulaya ya Magharibi na Kaskazini, kwa hali ya mwaka 1926, mama mia moja walikuwa wakiacha nyuma yao mama 93 tu. Habari hiyo ilitia hofu kubwa. Haki yatutaka tuseme pia udhaifu wake: kipimo hicho huchukua hali ya mwaka mmoja na kuifanya kama kwamba itadumu, na baada ya mwaka 1945 watoto walizaliwa Ulaya kwa wingi kupita ilivyotazamiwa. Kipimo chenyewe hakikuwa kibovu. Wasomaji wake ndio waliokigeuza kuwa utabiri.

Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka, Myahudi aliyewahi kuongoza kamati ya kuwanyang'anya wafalme mali zao hakuwa na siku za kungoja. Kuczynski akakimbia, akafika London, akaanza upya akiwa na umri wa miaka hamsini na saba katika lugha isiyokuwa yake. Chuo cha Uchumi cha London kikampokea, na mwaka 1938 kikampa nafasi ya kufundisha elimu ya idadi ya watu. Mkewe Berta alikuwa mchoraji, nao walikuwa na watoto sita. Mwanawe Jürgen baadaye alikuwa mwanahistoria mashuhuri wa hali ya wafanyakazi katika Ujerumani ya Mashariki. Binti yake Ursula alikuwa mpelelezi wa Urusi ya Kisovieti, na habari zake zimeandikwa katika vitabu vingi kuliko za baba yake. Sisi hatutazifuata hapa.

Huko London ndiko alikoigeukia Afrika. Mwaka 1937 alitoa kitabu kidogo juu ya watu wa makoloni, na mwaka 1939 kitabu kikubwa juu ya Kamerun na Togo, nchi mbili zilizokuwa za Wajerumani kama yetu. Kisha akaanza kazi kubwa kuliko zote, nayo ni kupitia hesabu zote za watu katika himaya ya Waingereza, nchi kwa nchi. Alisoma taarifa za magavana, taarifa za madaktari, barua za mabwana shauri, na daftari za kodi. Mbele ya kila tarakimu aliuliza maswali ya mkaguzi wa duka la ushirika. Nani alihesabu? Alihesabu lini? Alifika mwenyewe kijijini au aliletewa habari? Alihesabu watu, au alihesabu vibanda akazidisha?

Hapa yatubidi turudi kwetu, tuone maswali hayo yalikuwa na uzito gani katika nchi ya Tunduma. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walitiliana sahihi mkataba uliopitisha mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wengine huku na wengine kule, na mpaka leo mtu wa Tunduma ana shangazi Nakonde. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya vibanda. Basi hesabu ya kwanza ambayo mwananchi aliiona kwa macho yake ilikuwa hesabu ya kumtoza, na mara nyingi baada ya kodi ilifuata kazi ya lazima, na katika vita vya 1914 hadi 1918 ikafuata mizigo ya wapagazi. Wasomaji wetu waliosoma Maandiko wanaikumbuka habari ya Mfalme Daudi aliyewahesabu watu wake na tauni iliyofuata, na ya Yusufu aliyesafiri kwenda Bethlehemu kwa amri ya Kaisari. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma ili wafahamu ya kuwa mtu mwenye daftari haji bure.

Walifanya nini? Walifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Penye kodi ya kibanda, watu walibanana wengi katika kibanda kimoja. Kijana aliyekaribia umri wa kulipa alibaki mtoto kwa miaka kadhaa. Tena wazee wa makabila mengi waliona ni vibaya kutaja idadi ya watoto kwa mgeni. Mtu wa mpakani alikuwa na njia fupi zaidi, maana kijito na vichaka vilimtenga na himaya nyingine, na karani wa huku hakuwa na amri kule. Wanaume wengi nao hawakuwako nyumbani hata kidogo. Walikuwa wamekwenda kutafuta fedha ya kodi ile ile, wengine katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambayo sehemu yake leo imo katika wilaya ya Songwe, na wengine katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Je, mtu wa Mbozi aliyekuwa shimoni kule kwenye shaba aliandikwa wapi? Aliweza kuandikwa mara mbili, na aliweza kutoandikwa kabisa.

Baada ya vita Waingereza walishika Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kila mwaka walipeleka taarifa Geneva. Walihesabu watu mwaka 1921, wakasema ni zaidi kidogo ya milioni 4. Walihesabu tena mwaka 1928, wakapata kama milioni 4.7, na mwaka 1931 kama milioni 5. Ukizitazama tarakimu hizo juu juu, utasema nchi inastawi na watu wanaongezeka chini ya bendera ya Mwingereza. Hivyo ndivyo ilivyowafaa wakubwa kusema. Wengine miongoni mwao walisema kinyume, ya kwamba Mwafrika anapungua kwa maradhi na uvivu, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya uhaba wa vibarua mashambani. Kila mmoja alichukua tarakimu iliyomfaa.

Kuczynski aliwanyima wote wawili. Alipochunguza hesabu za Afrika ya Mashariki aliona ya kuwa nyingi hazikustahili kuitwa sensa, maana zilitegemea machifu na majumbe na daftari za kodi, na penye pengo palizibwa kwa makisio. Aliona pia ya kuwa hesabu za kuzaliwa na kufa hazikuwa na msingi wa kutosha, na pengine mwenye kuzitoa alikuwa ameuliza wanawake wachache tu akawasemea wote. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kama watu wa Tanganyika walikuwa wakiongezeka au wakipungua. Tofauti ya mwaka 1921 na 1928 iliweza kuwa ya watoto waliozaliwa, na iliweza kuwa ya watu waliokuwapo siku zote ambao safari ya kwanza hawakuonekana. Kutawala nchi kwa zaidi ya miaka ishirini, kuitoza kodi, kuichukulia watu wake kwa kazi na kwa vita, kisha kutojua ni watu wangapi: hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya mashtaka. Mwandishi wake hakuipa jina hilo. Aliiandika kwa lugha kavu ya majedwali.

Wako watakaouliza kwa nini mtu wa namna hii alikubali, mwaka 1944, kuwa mshauri wa Wizara ya Makoloni ya Uingereza katika mambo ya idadi ya watu. Swali hilo si la kupuuzwa. Alikula mkate wa wakoloni, na hatuna sababu ya kumfanya mpigania uhuru wetu, kwa kuwa hakuwa hivyo. Vitabu vyake vimejaa Waafrika wasio na majina, wala hawakuulizwa neno. Lakini sisi twaona ya kuwa asingefika kwenye makabati yale ya nyaraka kwa njia nyingine, na akiisha kufika hakuyafunika aliyoyakuta. Wapo wengi waliokula mkate ule ule wakapamba tarakimu.

Hesabu iliyokuwa ifanywe mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, na kwa hiyo tangu 1931 hakuna mtu aliyewahesabu watu wetu. Hatimaye idara ya takwimu ya Afrika ya Mashariki ilitayarisha sensa ya namna mpya, yenye makarani waliofundishwa, na baadaye uchunguzi wa sampuli ya watu kama mmoja katika kila kumi ili kuuliza habari za umri na uzazi. Sensa hiyo ilifanywa mwezi wa Agosti 1948. Ilipata watu karibu milioni 7.5 katika Tanganyika. Baina ya milioni 5 na milioni 7.5 kuna watu ambao hawawezi kuwa wote ni watoto wa miaka kumi na saba. Baadhi yao walikuwa wazima mwaka 1931, wakilima, wakipika, wakilipa kodi hata, ila hawakuingia kitabuni.

Kuczynski hakuiona hesabu hiyo. Alikufa mwezi wa Novemba 1947, miezi tisa kabla makarani hawajatoka, na mwaka uo huo mkewe pia alifariki. Juzuu ya kwanza ya kazi yake, juu ya Afrika ya Magharibi, ilitoka mwaka 1948. Ya pili, yenye habari za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilitoka mwaka 1949. Ya tatu mwaka 1953. Ni vitabu vizito, na si vya kusomwa kitandani. Mtu avifunguaye leo atakuta kurasa kwa kurasa za maelezo ya chini, ambamo mzee huyu anamfuata bwana shauri mmoja baada ya mwingine, akimwuliza kwa adabu tarakimu yake ameipata wapi.

Waingereza walihesabu tena mwaka 1957, wakapata watu milioni 8.8. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, nchi huru ilihesabu watu wake kwa mara ya kwanza, nao wakawa milioni 12.3 pamoja na Zanzibar. Safari hiyo mjumbe wa nyumba kumi aliyefuatana na karani alikuwa jirani, na kodi ya kibanda haikuwa ajenda ya safari. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, ulihesabiwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza katika sensa hiyo.

Hata hivyo Tunduma ingali Tunduma. Malori hupanga foleni yakienda Zambia na Kongo, reli ya TAZARA hupita, na tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kinatumika kwa nchi zote mbili. Watu walalao hapo usiku mmoja na kuondoka asubuhi ni wengi mno. Kwa hiyo katika usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 makarani, safari hii wakiwa na vishikwambi badala ya daftari, waliwatafuta kwanza wasafiri, wageni wa nyumba za kulala na wasio na makazi, na swali lilikuwa ni wapi mtu alilala usiku ule. Dereva wa Dar es Salaam aliyelala katika lori lake kwenye foleni ya Tunduma alipaswa kuandikwa Tunduma. Mke wake nyumbani alipoulizwa na karani wa kwao ni nani waliolala humo usiku ule, hakupaswa kumtaja.